Tupime Kelele za Mabasi Yetu Kabla Mapya Hayajafika

Ndugu zangu wa Kakamega, nawaandikia kuhusu jambo ambalo tumelizoea kiasi kwamba hatulitaji tena tunapohesabu shida za mji wetu: kelele za mabasi. Siombi mabasi yapunguzwe, wala sina ugomvi na matatu, maana ndizo zinazotufikisha kazini, sokoni na hospitalini. Ninachoomba ni kipimo. Kabla mabasi ya haibridi na ya umeme hayajaanza kupakia abiria hapa kwetu, tupime kelele za haya tuliyo nayo. Tuyapime yakiwa kazini, kwenye vituo vyake na saa zake, na matokeo yawekwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuyasoma.

Kwamba mabasi hayo yanakuja, sina shaka. Mwaka 2022 mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Makerere kilitengeneza gari dogo la haibridi, Kiira EV SMACK, mwaka 2014, na mwaka 2016 Waganda wakaonyeshwa basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Leo kampuni ya magari hayo, Kiira Motors, ina kiwanda Jinja, na kwa barabara Jinja iko karibu na Kakamega kuliko Nairobi. Hata magari madogo ya haibridi yaliyotumika Japani tunayo tayari mitaani. Ukiwa Amalemba au Milimani jioni, unaliona gari likiingia getini na husikii injini, unasikia kokoto tu chini ya matairi. Siku chama cha matatu kitakapotangaza basi lake la kwanza la aina hiyo, tutaambiwa ni kimya. Nataka siku hiyo tuweze kuuliza: kimya kuliko lipi, wapi, na kwa desibeli ngapi?

Basi la haibridi lina injini ya dizeli kama mengine, ila limeongezewa mota ya umeme na betri. Linapoondoka kituoni, mota ndiyo hulisukuma, na injini huweza kubaki imezimwa au ikizunguka taratibu. Dereva akishika breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo utulivu wake huonekana zaidi pale ambapo dizeli hulalamika zaidi: kwenye kuondoka, kwenye msongamano, kwenye kusimama na kwenda, kusimama na kwenda. Likishashika mwendo mkali, tofauti hupungua, kwa sababu mlio wa matairi kwenye lami nao huwa mkubwa.

Hizo ni habari njema, lakini hazijakamilika. Betri ikipungua chaji, injini huwaka ili kuijaza, hata basi likiwa limesimama. Joto likizidi, feni za kupoza huanza kuvuma. Basi likijaa abiria hadi mlangoni, na magunia juu ya keria, likapanda mlima, mota peke yake haifui dafu. Basi lile lile, kwenye kituo kile kile, linaweza kupita kimya asubuhi na kunguruma jioni. Kipimo cha mtengenezaji hakikuonyeshi hayo. Kipimo hicho cha kimataifa hufanywa kwenye uwanja maalumu wenye lami laini: maikrofoni huwekwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia, kwa kimo cha mita 1.2, basi hupita likiongeza mwendo kwa utaratibu uliopangwa, na namba huandikwa. Ni njia ya haki ya kulinganisha basi na basi. Lakini uwanja huo hauna konda, hauna tuta, hauna mvua ya saa tisa alasiri.

Nenda steji asubuhi, usimame kando, usikilize basi moja tu, Isuzu la abiria 33, likijaza. Injini inanguruma bila gari kwenda popote. Dereva anakanyaga mafuta mara mbili, anasogea hatua chache, anarudi nyuma, anasogea tena, ili abiria anayesitasita ng'ambo ya barabara aamini gari linaondoka. Honi inalia, fupi fupi. Konda anaita Chavakali, Majengo, Kisumu, huku akipiga bodi kwa kiganja, na kila pigo ni ujumbe kwa dereva. Spika ya ndani inaimba. Gari la nyuma yake linataka nafasi, nalo linapiga honi. Hatimaye Isuzu linaondoka kweli, gia ya kwanza inatoa mlio mzito unaotikisa meza ya muuza maandazi, gia ya pili inafuata, moshi unabaki.

Katika dakika hizo chache umesikia vyanzo vya kelele visivyopungua vitano, na injini ni kimoja tu kati yavyo. Tukinunua mabasi mapya tukitarajia utulivu, tutakuwa tumegusa chanzo hicho kimoja. Honi itabaki honi. Kiganja cha konda kitabaki kwenye bodi. Kipimo ndicho kitakachotuonyesha kama kelele nyingi pale steji zinatoka kwa injini, au kwa honi, au kwa sailensa iliyotobolewa, au kwa spika, na kila kimoja kina dawa yake na gharama yake. Makubaliano ya makonda na madereva ya kutopiga honi ndani ya steji hayahitaji mkopo wa benki. Basi jipya linauhitaji. Ni haki ya mwenye chama, na ya abiria atakayelipa kupitia nauli, kujua ni shilingi ipi itakayoleta utulivu zaidi.

Kisha kuna matuta. Barabara yetu kuu inayotoka Kisumu, ikapita Chavakali na Khayega hadi mjini, kisha Webuye na Kitale, imepita katikati ya masoko na kando ya shule. Matuta yamewekwa ili watoto na akina mama wenye mizigo wavuke salama. Yameokoa maisha na nisingependa hata moja liondolewe. Lakini tuta ni mahali ambapo basi hupunguza mwendo kabisa na kuuongeza upya: breki, gia, injini ikivuta uzito wote kuanzia chini. Bila mtu kukusudia, mlio mkubwa kabisa wa safari umewekwa kwenye lango la shule. Na hapo hapo ndipo basi la haibridi lingeleta nafuu kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kupunguza mwendo na kuondoka tena ndiyo kazi ambayo mota ya umeme huifanya vizuri zaidi. Ningepewa mashine moja tu ya kupimia kwa kaunti nzima, ningeiweka kwanza kwenye tuta la mbele ya shule.

Sisemi shule kwa sababu neno hilo hulainisha mioyo. Nasema shule kwa sababu ya jambo lililotokea New York. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walichapisha utafiti kuhusu shule moja ya msingi kaskazini mwa Manhattan, iliyojengwa kando ya reli ya juu. Treni ilipita kila baada ya dakika nne na nusu hivi. Watafiti hao walilinganisha matokeo ya kusoma ya watoto wa madarasa yaliyoelekea reli na ya wenzao wa upande wa pili wa jengo hilo hilo. Kufikia darasa la sita, watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Matokeo hayo yakawasukuma wakubwa. Mpira ukawekwa chini ya reli ili kupunguza mtikisiko, na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti. Bronzaft akarudi kupima, na mwaka 1981 akachapisha kwamba pande zote mbili za jengo zilikuwa zikisoma sawa.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Wazazi wa shule ile walikuwa wakilalamika tangu zamani. Malalamiko hayakuweka mpira chini ya reli. Kilichouweka ni matokeo yaliyoandikwa na kulinganishwa. Sisi tuna walimu wanaofundisha madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto, ambao hunyamaza lori au basi linapopanda tuta, kisha hurudia sentensi. Mwalimu akipoteza sekunde kumi kila mara, mara ngapi kwa siku? Hilo linaweza kuhesabiwa na mwanafunzi wa darasa la saba mwenye kalamu na saa ya ukutani. Mwalimu mkuu unayesoma haya, nakuomba uwape watoto kazi hiyo kwa juma moja. Ni hisabati, ni sayansi, na ni ushahidi.

Sheria nayo haijatunyima msingi. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zimeweka viwango kwa desibeli. Eneo la biashara linaruhusiwa wastani wa 60 mchana na 35 usiku. Nje ya nyumba za makazi ni 50 mchana na 35 usiku. Maeneo ya utulivu, kama vile hospitali na taasisi za elimu, ni 40 mchana na 35 usiku. Mchana wa kanuni hizo huanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa mbili usiku, kwa hiyo basi la usiku kutoka Nairobi linaloingia mjini kabla ya kupambazuka, likapiga honi kuwaamsha wa bodaboda, linahesabiwa kwa kiwango kile cha chini cha usiku. Gari linapoongeza mwendo halitakiwi kuzidi desibeli 84, na honi haitakiwi kupigwa ila kuzuia ajali. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne limeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Kwa hiyo hili si jambo la kungoja Nairobi. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ina sehemu yake, lakini Kakamega ina mamlaka yake yenyewe.

Shida ni kwamba kiwango kisichopimwa hakimsaidii mtu. Chukua mfano wa hesabu tu: basi linalotoa desibeli 80 kwa sekunde 10, na lingine kama hilo lipite kila dakika, mchana kutwa. Hata ukichukulia kwamba katikati ya mabasi kuna kimya kabisa, wastani unakaribia desibeli 72. Hiyo ni desibeli 12 juu ya kiwango cha eneo la biashara, na bado hujahesabu bodaboda, malori wala spika za maduka ya simu. Sasa weka mabasi yanayotoa 70 badala ya 80: wastani unashuka hadi 62 hivi. Tofauti kama hiyo sikio huisikia kana kwamba kelele zimepungua kwa nusu. Huo ndio ukubwa wa faida tunayoweza kuipata, au kuikosa.

Hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Mabasi mawili yenye desibeli 80 kila moja hayatoi 160, yanatoa 83. Ukiwa na mabasi kumi yanayolingana kwa kelele na moja likanyamaza kabisa, jumla inashuka kwa nusu desibeli tu, kiasi ambacho hakuna anayekisikia. Matano yakinyamaza, inashuka kwa tatu. Nasisitiza hili kwa sababu naona mtego mbele yetu. Chama kimoja kitaleta basi moja la haibridi, mtu atapima wastani wa steji, mashine haitaonyesha badiliko, na watu watasema mabasi hayo ni bure. Watakuwa wamelionea basi hilo. Ndiyo maana inatupasa kupima mambo mawili kwa pamoja: wastani wa mahali, na kilele cha kila basi linapopita. Wastani unatueleza hali ya anayeishi au kusoma pale. Kilele kinatueleza tabia ya basi lenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka uangalifu. Mashine huwekwa juu ya miguu mitatu, kwa kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, mbali na kuta zinazorudisha sauti, na maikrofoni yake hufunikwa sponji ya kuzuia upepo. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza hukaguliwa kwa kifaa kidogo kinachotoa sauti ya desibeli 94. Mashine ikisoma tofauti, kazi ya siku hiyo haifai. Kando yake anakaa mtu mwenye daftari. Anaandika saa, aina ya basi, kama limejaa au ni tupu, kama linapanda au linashuka, kama honi ilipigwa, kama lami ni kavu. Daftari hilo ndilo linaloipa namba maana. Lami yenye maji huongeza mlio wa matairi, na kwetu mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, kwa hiyo vipimo vya lami kavu visichanganywe na vya lami iliyolowa. Ndani ya darasa la mabati wakati wa mvua hakuna haja ya kupima basi. Mvua imefunika kila kitu.

Basi moja lipimwe mara nyingi, si mara moja. Kwa la haibridi hili ni la lazima, kwa sababu hali ya betri hubadilika safari hadi safari. Apande pia mtu na mashine ndani ya basi, akae nyuma ya dereva kutoka steji hadi mwisho wa njia na kurudi.

Na nikitaja dereva, nakuja kwa watu ninaowahurumia zaidi katika habari hii. Huwa tunawataja madereva na makonda kama wenye kosa. Lakini sisi tunapitia steji. Wao wanaishi ndani ya kelele hizo tangu alfajiri hadi usiku. Katika matatu nyingi za abiria 14 injini iko chini ya viti vya mbele, na katika Isuzu iko chini ya miguu ya dereva. Kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi akae kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane, na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza isizidi 85. Mwenye kiwanda anaulizwa habari hizo. Mwenye basi je? Kijana anayeanza ukonda akiwa na miaka ishirini anastahili kuwa na masikio yake akiwa na hamsini. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi. Na madhara hayaishii masikioni: mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kelele za barabarani huwanyang'anya watu wa Ulaya magharibi angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka, sehemu kubwa kwa kuvurugwa usingizi.

Wako watakaoniambia kwamba Kakamega ni mji wa sauti na unapendeza hivyo. Nakubali kwa moyo wote. Sisi ndio wenye isikuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Fahali wakikutana Shinyalu asubuhi na mapema, ngoma, filimbi na vigelegele vinasikika vilima vyote, na hakuna anayeomba vinyamazishwe. Sauti hiyo ina mwaliko, ina mwanzo na mwisho, na watu wameifuata kwa miguu yao. Mgonjwa aliyelazwa hospitali ya rufaa hakualika honi. Kanuni za 2009 zenyewe zimezingatia hilo: katika kuamua kama kelele imezidi, moja ya mambo yanayoangaliwa ni kama ingeweza kudhibitiwa bila juhudi wala gharama kubwa mno. Honi ya kuitia abiria inaweza.

Na utulivu nao unahitaji kipimo, kwa sababu basi lililo kimya kupita kiasi ni hatari. Mtu asiyeona huvuka barabara kwa masikio. Mtoto anayekimbiza mpira, mzee anayesukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, wote hutegemea kusikia kabla ya kugeuka. Kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya kimya imeliona hilo: gari linalotembea kwa umeme kwa mwendo mdogo hutakiwa kutoa sauti ya kutosha, angalau desibeli 50 kwa kilomita 10 kwa saa na 56 kwa kilomita 20, na sauti hiyo isizidi 75. Watu wasioona wa Kakamega wawemo tangu siku ya kwanza ya vipimo. Wao husikia tofauti ambazo sisi wengine tumeshaacha kuzisikiliza, na wanajua ni kituo kipi wanakiogopa na kwa nini.

Watu wa kufanya kazi hii tunao. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko pale pale kwenye barabara ya Webuye, na mabasi hupita mbele ya lango lake. Wanafunzi wake wa fizikia na uhandisi hawahitaji kusafiri kutafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho. Sigalagala kuna chuo cha kitaifa cha ufundi, kando ya barabara ya Kisumu, na wanafunzi wa magari wanaweza kukagua sailensa na kueleza kwa nini Isuzu mbili za umri mmoja zinatofautiana kwa mlio. Hata msitu wetu umekwisha kutufundisha kusikiliza: una zaidi ya aina 300 za ndege, na anayetembeza wageni Isecheno au Buyangu huwatambua kwa sauti kabla ya kuwaona. Wahadhiri, nawaomba: tengeni njia mbili, moja ya mjini na moja ya barabara kuu, mzipime kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, na mtuachie data hiyo wazi.

Viongozi wa vyama vya matatu, nawaomba mfungue milango. Mkubalieni mwanafunzi mwenye mashine apande bure siku chache. Vipimo hivyo visitumiwe kumshtaki dereva yeyote. Wahusika wote wakubaliane hivyo kwa maandishi kabla ya kuanza, la sivyo madereva wataendesha kwa upole siku ya kupimwa na tutapata namba za uongo. Ninyi ndio mtakaofaidika mapema. Siku muuzaji wa mabasi atakapowaletea karatasi yenye ahadi, mtakuwa na karatasi yenu. Mtamwambia: leta basi lako lifanye kazi juma moja kwenye njia yetu, lijaze steji yetu, lipande matuta yetu, kisha tulinganishe. Asiyekubali basi lake lipimwe kazini, msimnunulie.

Nawe mwananchi mwenzangu, mama unayeuza mboga kando ya steji, mwenye duka, mpangaji wa chumba kinachoelekea barabara, una sehemu yako. Simu inaweza kukusaidia kuanza. NIOSH ilitoa programu ya bure ya kupimia sauti kwenye iPhone mwaka 2017, na kwa simu nyingine zipo nyingi, ingawa maikrofoni zake hutofautiana na namba zake ni za kukadiria. Tumia simu kujua ni saa ngapi na wapi kelele zinazidi, ili mashine nzuri ipelekwe hapo. Usiitumie kugombana na dereva. Usipokuwa na simu ya aina hiyo, daftari linatosha. Andika saa ulizoamshwa. Andika mara ulizolazimika kumwambia mteja arudie alichosema. Madaftari ishirini ya watu ishirini wa mtaa mmoja, yakikubaliana, hayawezi kupuuzwa na kamati yoyote.

Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na bajeti haipiti bila wananchi kuulizwa. Tunachoomba ni kidogo kwa kulinganisha na barabara au soko: mashine chache zilizokaguliwa, maofisa wawili watatu waliofunzwa kuzitumia, na ukurasa wa matokeo unaobandikwa kila miezi mitatu kwenye ofisi za wadi na kwenye steji. Ombi hilo likitoka kwa mtu mmoja, litasahauliwa. Likirudiwa Lurambi, Khayega, Malava na Mumias katika msimu mmoja wa bajeti, mwakilishi wadi atalibeba.

Kwa hiyo mkutano wa wananchi ukitangazwa katika wadi yako, fika. Nenda na daftari lako, taja barabara yako, taja saa, na uombe mashine ya kupimia sauti iandikwe katika bajeti ya mwaka ujao.